Aliyeacha Sigara Port Victoria Hana Pakiti ya Kutupa

Karibu kila kijitabu cha kumsaidia mtu kuacha sigara huanza kwa agizo lile lile: tupa pakiti zote ulizo nazo, ondoa vibiriti na visahani vya majivu, fua nguo, uanze upya. Ni ushauri mzuri kwa mvutaji wa London au Toronto, anayenunua pakiti nzima na kukaa nayo mfukoni. Kwa mvuvi wa Port Victoria, mji wa Kenya ulio kando ya Ziwa Victoria, hauna kazi. Yeye hana pakiti. Hununua fegi moja, akaiwasha pale pale dukani kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa uzi kwenye waya wa dirisha, akamumunya Patco kuua harufu, akaenda zake. Baada ya saa mbili hivi ananunua nyingine, pengine kwa mchuuzi mwingine kabisa. Siku akiamua kuacha, nyumbani kwake hamna cha kutupa, maana pakiti yake ni mji mzima, kuanzia ufuo wa Marenga hadi kituo cha matatu, na hakuna mtu awezaye kuutupa mji jalalani.

Nalitaja hilo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kuacha sigara yamekaa upande mmoja, upande wa nia. Aliyerudi kuvuta huambiwa hakuwa na msimamo, na aliyefaulu husifiwa kwa moyo wa chuma. Ushahidi uliopo unaelekeza kwingine. Hamu ya sigara haifuati tu urefu wa muda ambao mtu amekaa bila kuvuta. Hufuata ruhusa. Akili ikijua kwamba kuvuta kunawezekana sasa hivi, hamu hupanda. Ikijua kwamba mlango umefungwa na hautafunguliwa, hutulia, hata kama mwili umekosa nikotini kwa saa nyingi. Ikiwa ndivyo, basi kazi ya aliyeacha si kujilimbikizia ari ya kumtosha mwaka mzima. Kazi yake ni kufunga milango mapema, kabla hamu haijaja kubisha, na kazi ya wanaomzunguka ni kuacha kumfungulia kila baada ya hatua kumi.

Ushahidi wa kwanza tunao wenyewe, na huja kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani, Mwislamu anayevuta sigara hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa 13 katika nchi hizi za ikweta, bila moshi kupita kooni. Madereva wa malori kutoka Mombasa hufika Malaba, kwenye mpaka wa Uganda, wakiwa wamefunga. Mtu yule yule ambaye mwezi wa Shaabani hakuweza kumaliza saa mbili bila fegi sasa anapita mbele ya kioski na hageuzi shingo. Taabu yake huongezeka jioni, adhana inapokaribia. Msomaji makini atasema hapo kwamba jioni hamu imepanda kwa sababu tu saa za kukosa zimekuwa nyingi, na ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mfano wa Ramadhani peke yake hautenganishi mambo hayo mawili.

Walioyatenganisha ni Reuven Dar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Mwaka 2005 walichapisha utafiti juu ya Mayahudi washika dini ambao huvuta sigara siku za kazi lakini hawawashi moto siku ya Sabato. Watu hao waliripoti hamu ndogo zaidi siku ya Sabato kuliko siku ya kawaida ya kazi ambayo watafiti waliwaomba wasivute. Mwaka 2010 wakawageukia wahudumu wa ndege. Walipima hamu yao katika safari fupi, za kama saa 3 hadi 5 na nusu, na katika safari ndefu zilizozidi saa 8. Kama hamu ni suala la nikotini kupungua damuni, basi mhudumu aliyekaa saa nne bila kuvuta angekuwa na hamu ile ile, iwe ndege inatua au bado iko juu ya bahari. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa safari fupi hamu ilikuwa juu mno kuliko ilivyokuwa baada ya muda uo huo katikati ya safari ndefu, na ilikaribiana na ile ya mwisho wa safari ndefu. Kilichoiamsha ni magurudumu kukaribia ardhi.

Wapo watakaopinga, hasa wahudumu wa afya, kwamba maneno haya yanaufanya uraibu uonekane kama fikra tupu. La, nikotini ni dawa ya kulevya kwelikweli. Hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20 tangu mtu avute pumzi, na nusu yake huwa imetoka damuni baada ya kama saa mbili. Anayeacha hupatwa na hasira za haraka, usingizi wa kukatika, njaa na akili kutotulia. Hali hiyo huwa mbaya zaidi katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hulegea baada ya wiki tatu au nne. Kwa kipindi hicho kuna dawa. Tembe za kutafuna na plasta za kubandika zenye nikotini huongeza uwezekano wa kufaulu kwa asilimia 50 hadi 60, na Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Bupropion na varenicline zikafuata mwaka 2021, na Julai 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku. Anayeweza kuzipata azitumie, tena kwa ushauri wa daktari au mfamasia. (Sisemi juu ya vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo vilivyoingia katika soko la Kenya mwaka 2019. Hivyo ni biashara ya wauza sigara, si tiba yenye dozi inayopungua.) Lakini hata wenye dawa, wengi hurudi. Na swali linalobaki ni la yule aliyemaliza miezi sita, ambaye damuni hana chembe ya nikotini, halafu siku moja akajikuta ameshika fegi tena. Kemia haimwelezi huyo. Anaelezwa na mahali alipokuwa, saa ilivyokuwa na watu aliokuwa nao.

Kuhusu uzito wa mahali kuna kisa kikubwa kuliko vyote, nacho si cha sigara. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kwamba wanajeshi wake wengi Vietnam walikuwa wanatumia heroini. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia waliorudi nyumbani mwaka huo, alikuta kama mmoja kati ya watano alikuwa mraibu kule vitani, ilhali ni asilimia 5 hivi tu ya waraibu hao waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Walikuwa wameondoka mahali penye dawa ya bei rahisi na vichochezi vyote vilivyoambatana nayo. Mvuvi wetu hana pa kuondokea. Ndiyo maana inampasa aujue mji wake kwa jicho jipya, atambue wapi mlango uko wazi na wapi umefungwa, na hapo atakuta jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Omena huvuliwa usiku wa giza, wakati ambapo mwezi haupo. Taa huelea juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za betri na za sola, na wavuvi husubiri samaki wakusanyike kwenye mwanga kabla ya kuteremsha wavu. Ni kusubiri kwa muda mrefu, katika baridi na umande, na fegi nyingi huwashwa wakati huo. Kwa mtazamo wa haraka, hapo ndipo pagumu kuliko pote kwa aliyeacha. Mimi nadhani ni kinyume, kwa sharti moja: pasiwe na mtu ndani ya boti aliyebeba sigara. Ziwani hakuna kioski. Boti ikishaachana na ufuo, hali yake ni ya ndege ya safari ndefu. Hata ukitaka, hupati, na akili ikishalijua hilo huacha kudai. Penye hatari ni alfajiri, boti ikigusa mchanga. Hapo omena inapimwa kwa karai, wanunuzi wanapigania bei, pesa inaingia mkononi, mwili umechoka, na dirisha la kwanza lenye kiberiti cha uzi liko hatua chache kutoka hapo. Basi mvuvi anayetaka kuacha asiingoje ile likizo ya mbalamwezi akidhani atapumzika na kujikusanya. Siku za mbalamwezi ni siku za kushinda barazani, penye chai, karata na wenzake wanaovuta. Aanze giza linapoanza, ili zile siku za kwanza zilizo kali apite nyingi kati yake majini, kisha akili yake yote aiweke kwenye ile nusu saa ya kutua. Mwenzake apokee pesa. Yeye ashike njia nyingine ya kwenda nyumbani kwa wiki tatu, hata kama ni ya mzunguko. Na mkononi awe na kitu ambacho hakijawahi kufuatana na fegi, kipande cha muwa au njugu karanga, wala si Patco, maana peremende hiyo imezoeana na sigara kiasi kwamba ladha yake yenyewe humwita mwenzake.

Malaba ni kinyume cha ziwa. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze kazi, na kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, gari hukaguliwa upande mmoja tu, na ukaguzi umepungua urefu. Foleni hata hivyo haijafa. Mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa korona, ilirefuka kwa makumi ya kilomita. Kinachomsumbua dereva si urefu wa kusubiri bali kutojua mwisho wake, huku wachuuzi wakipita kando ya milango ya malori na ndoo za maji, mayai, kadi za simu na sigara. Huyo mlango wake unamfuata mpaka kitini. Wala miraa (veve), inayotafunwa ili kukesha, haimwachi salama, kwa kuwa kwa wengi veve na fegi huenda pamoja. Dereva anayeacha hana budi kumfanya utingo wake awe sehemu ya uamuzi: wachuuzi wa sigara wakataliwe na utingo kabla hawajafika dirishani, na asinunuliwe mtu fegi kwa pesa ya safari. Si jambo la kishujaa. Ni la utaratibu, sawa na kukagua matairi.

Hapa lipo pingamizi ambalo watu wa kazi ngumu hulitoa kwa uchungu, nalo halistahili kudharauliwa: mnyonge ana starehe gani nyingine? Usiku kucha yuko kwenye baridi, deni la nyavu liko kichwani, na fegi moja ndiyo inayomtuliza. Tuseme kweli kwamba inamtuliza. Lakini inamtuliza kutokana na nini? Mvutaji aliyekaa saa mbili ana wasiwasi ambao asiyevuta hana; fegi huuondoa wasiwasi huo ulioletwa na fegi iliyotangulia, na yeye huhesabu nafuu hiyo kama dawa ya maisha magumu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 uliolinganisha hali ya akili ya watu kabla ya kuacha na baada yake. Walioacha walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo kidogo kuliko walioendelea kuvuta. Deni la nyavu halikulipwa kwa hilo, naam. Ila mdaiwa amebaki na mzigo mmoja badala ya miwili.

Wengine husema wataacha polepole: leo nane, kesho sita, mwezi ujao mbili. Linaonekana jambo la busara, na mahali fegi zinauzwa moja moja ni rahisi kuhesabu. Watafiti wa Oxford walilijaribu kwa wavutaji 697 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliokata mara moja, asilimia 49 walikuwa bado hawavuti baada ya wiki nne. Waliopunguza kwanza walikuwa asilimia 39. Baada ya miezi sita ilikuwa asilimia 22 kwa 15 na nusu. Kwa hoja yangu matokeo hayo hayashangazi. Anayejipangia fegi sita kwa siku ameweka milango sita yenye saa ya kufunguliwa, na kabla ya kila saa hiyo atapitia ile jioni ya mfungaji. Kadhalika anayejiambia "nitaacha mpaka Krismasi" anaishi akihesabu siku za kufika Krismasi. Na anayeona kwamba neno "kamwe" ni zito mno asilitamke. Ajiambie leo sivuti, na kesho aseme hivyo tena, mradi tu pasiwe na tarehe ya kufungua.

Kufunga mlango peke yako ni vigumu pale ambapo kila mtu ana ufunguo. Nicholas Christakis na James Fowler walifuatilia zaidi ya watu 12,000 wa Framingham, Marekani, kwa kumbukumbu za 1971 hadi 2003, wakaona kwamba watu huacha sigara kwa makundi. Mwenzi wa ndoa akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Na katika kampuni ndogo, mfanyakazi mmoja akiacha, wenzake kwa asilimia 34. Wafanyakazi wa boti moja ni kampuni ndogo kuliko yoyote, na wanategemeana kwa uhai wao. Boti isiyobeba sigara ni uamuzi wa nahodha wa dakika moja. Na pesa nayo ina nafasi yake. Kisiwani Mindanao, Ufilipino, benki moja iliwapa wavutaji akaunti ya kuweka akiba kwa miezi sita, kisha wapimwe mkojo. Mwenye nikotini alipoteza akiba yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa nafasi hiyo walifaulu kipimo zaidi ya wasiopewa, kwa tofauti ya alama 3 hivi za asilimia. Si tofauti kubwa, lakini sisi tuna kitu ambacho benki ile haikuwa nacho, yaani chama. Pesa ya fegi ikiingia chamani kila siku mbele ya watu wanaokujua, kurudi nyuma kuna gharama na kuna mashahidi.

Nimefika kwenye sheria, ambayo ingefanya nusu ya kazi hii kama ingefuatwa. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti isipungue sigara 10. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Uganda ya mwaka 2015 nayo inakataza kuuza moja moja, tena imeweka umri wa kununua kuwa miaka 21, huku kwetu ukiwa 18. Kwa maandishi, basi, hakuna fegi moja inayouzwa kihalali Busia, iwe ya Kenya au ya Uganda. Kwa vitendo zinauzwa mchana kweupe, na nyingine hupitia njia za panya bila stempu ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), kwa bei ya chini kuliko zilizolipiwa ushuru. Yapo mapingamizi mawili hapa. La kwanza ni kwamba mvutaji akilazimishwa kununua pakiti atavuta zaidi. Huenda ikawa kweli kwa mwenye pesa na asiyetaka kuacha. Kwa aliyeacha wiki mbili zilizopita, kununua pakiti ni uamuzi wa kuigusa pesa ya unga, nao unampa muda wa kufikiri. Fegi moja haimpi muda wowote. La pili ni zito zaidi: kwamba askari wa kaunti watamsumbua mama wa kibanda na kumwacha mwenye lori la magendo. Nakubaliana na wasiwasi huo. Utekelezaji ukianzia kwa mchuuzi utakuwa uonevu. Uanzie kwa anayemletea. Hata hivyo anayeacha leo asiingoje serikali, ambayo imekuwa na sheria hiyo mkononi kwa miaka mingi.

Limebaki suala la kuteleza, maana watateleza wengi. Hoja ya mlango uliofungwa ina udhaifu wake hapo: aliyeshika msimamo kamili, akivuta moja, huona yote yameharibika na kumalizia siku kwa kuvuta. Utafiti wa Ontario, Canada, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba kwa wavutaji wengi majaribio ya kuacha kabla ya kufaulu huenda yakafika 30 au zaidi. Aliyeteleza ajiulize maswali ya fundi na si ya hakimu: ilikuwa saa ngapi, wapi, nani aliitoa, mkono wangu ulikuwa na pesa ya nani. Kisha ufa huo uzibwe siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumatatu.

Mwaka 2014 utafiti wa kitaifa ulikuta Wakenya watu wazima milioni 2.5 wanatumia tumbaku, wakiwemo karibu mwanamume mmoja kati ya kila watano. Kama wewe ni mmoja wao na umeamua wiki hii, mwambie nahodha au utingo kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, na mwambie leo. Anayehitaji kuzungumza na mshauri apige namba ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, yaani 1192. Simu hiyo haitozwi.